Ukiegesha mashine ya Wells pale Rutamba

Msomaji, tuanze na mchezo mdogo wa kichwani. Umepewa mashine ya kusafiri kwenye wakati. Sio zile za filamu za siku hizi zenye taa za buluu na moshi. Umepewa ile ya mwanzo, aliyoiunda kwa kalamu Mwingereza Herbert George Wells mwaka 1895 katika riwaya yake fupi, The Time Machine. Ina kiti cha kukalia kama baiskeli, vyuma vya nikeli, vipande vya pembe za ndovu, mti mweusi mgumu unaofanana na huu mpingo wetu, na fuwele zinazometameta. Ina mikono miwili ya kuvuta: mmoja wa kwenda mbele, mwingine wa kurudi nyuma. Umeiegesha Rutamba, mkoani Lindi, sio mbali na ziwa. Umekaa vizuri, umevuta mkono wa kurudi nyuma. Utafika wapi?

Jibu ni kwamba hufiki popote. Utabaki palepale Rutamba. Hili watu wengi hulisahau: mashine ya Wells haihami. Msafiri wake, ambaye hata jina hapewi, anaondoka kwenye karakana ya nyumba yake pembezoni mwa London, na anapofika mwaka 802,701 bado yuko kwenye bonde lilelile la mto Thames. Nyumba imetoweka, jiji limegeuka bustani, lakini mahali ni palepale. Kinachobadilika ni tarehe tu.

Ndiyo maana nimechagua Rutamba. Ukirudi miaka milioni 150 bila kuhama, ukanda huu wa Lindi unageuka kuwa moja ya sehemu za ajabu sana kwenye historia ya uhai duniani. Na ukifuatilia jinsi riwaya ya Wells ilivyozaa tamthilia chungu nzima za televisheni, utashangaa ni mara ngapi njia inapita karibu na hapa bila mtu kusema "hodi".

Kwanza tuulize: Wells alileta nini kipya? Maana hadithi za mtu kuruka zama ni za kale. Kama ulisoma madrasa, unaijua habari ya Watu wa Pango, wale vijana waliolala miaka mia tatu na tisa, wakaamka na kumtuma mwenzao mjini na fedha akanunue chakula. Marekani walikuwa na Rip Van Winkle wa Washington Irving, aliyelala miaka 20 mlimani. Mark Twain naye, mwaka 1889, alimpiga mhusika wake mtaimbo wa kichwa akazindukia Uingereza ya mfalme Arthur. Hata mashine yenyewe Wells hakuwa wa kwanza kuifikiria: Mhispania Enrique Gaspar alichapisha riwaya yenye chombo cha kurudi nyuma kwenye wakati mwaka 1887.

Kipya cha Wells ni usukani. Wanaolala hawachagui waamke lini, wala aliyepigwa mtaimbo. Msafiri wa Wells anachagua, anaongeza mwendo, anapunguza, anasimama, anarudi nyumbani akiwa na vumbi kwenye koti na kudai chakula cha jioni. Na anatoa sababu: anawaambia marafiki zake kwamba wakati ni kipimo cha nne cha anga, pamoja na urefu, upana na kina, kwa hiyo hakuna sababu ya kimsingi ya kutosafiri humo. Hayo yaliandikwa miaka 10 kabla ya Einstein kuchapisha nadharia yake ya uhusianifu mwaka 1905. Sisemi Wells alimtangulia Einstein. Wazo la kipimo cha nne lilikuwa likizungumzwa na wanahisabati wa siku zile, na yeye alilidaka. Lakini alikuwa na pua ya sayansi. Alisoma biolojia chini ya Thomas Huxley, yule mtetezi mkali wa Darwin, na mwaka 1888, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na ushee, alikuwa ameshaandika hadithi ya awali yenye mbegu ya wazo hilohilo.

Tena riwaya haikuwa mchezo wa mitambo tu. Huko mwaka 802,701 binadamu wamegawanyika makundi mawili. Juu wako Eloi, wazuri, wadogo, wavivu, wanaokula matunda na kucheza. Chini ya ardhi wako Morlock, weupe kama funza, wanaoendesha mitambo gizani na kuwavalisha Eloi, halafu usiku wanapanda juu kuwala. Mama yake Wells alikuwa msimamizi wa nyumba kwenye jumba la matajiri liitwalo Uppark, jumba ambalo watumishi walipita kwenye mahandaki ya chini wasionekane na wakubwa. Kwa hiyo huyu bwana hakuota tu. Alichukua utabaka alioujua tangu utotoni, akaupa muda mrefu wa kutosha mpaka ukawa aina mbili za viumbe. Shika hapo kidogo, tutalihitaji.

Sasa twende kwenye televisheni. Tarehe 25 Januari 1949, BBC walirusha The Time Machine kama mchezo wa moja kwa moja, waigizaji wakiwa studio, bila kurekodi. Ulipokwisha ukawa umekwisha. Hakuna nakala iliyobaki. Halafu mwaka 1960 George Pal akatengeneza filamu maarufu, ile yenye mashine ya kiti chekundu na sahani kubwa inayozunguka kwa nyuma. Miaka mitatu baadaye, tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa, BBC ikaanza tamthilia iitwayo Doctor Who. Mzee mmoja wa ajabu anasafiri kwenye wakati ndani ya kibanda cha simu cha polisi, kibanda ambacho kwa ndani ni kikubwa kuliko kwa nje. Jina lake TARDIS.

Aliyelisukuma wazo hilo alikuwa Sydney Newman, Mkanada, mpenzi mkubwa wa hadithi za kisayansi tangu ujana. Undugu na Wells unauona bila darubini. Shujaa ni msomi, sio askari. Ana mashine aliyo nayo yeye peke yake. Na tazama mkasa wa pili wa tamthilia hiyo, ulioandikwa na Terry Nation: kwenye sayari moja wako Thal, watu wazuri wa sura, wapole, walioapa kutopigana, na wako Dalek, viumbe vilivyojifungia ndani ya magamba ya chuma, wenye mji wa mitambo. Ni Eloi na Morlock waliobadilishiwa nguo. Tofauti ni moja na ni kubwa. Wells aliwaacha Eloi katika unyonge wao, na akadokeza kwamba waliwahi kuwa mabwana wa hao wanaowala sasa. Televisheni iliwafundisha Thal kupigana, wakashinda. Uingereza ya 1963 ilikuwa bado inakumbuka vita dhidi ya Hitler, na mtu aliyekaa na watoto wake sebuleni Jumamosi jioni asingependa kuambiwa kwamba Morlock ni mtumishi wake. Hadithi ya matabaka ikageuzwa hadithi ya adui. Mimi naona hapo riwaya ilipoteza jino lake kali, ingawa ilipata watazamaji ambao Wells hakuwaota.

Kitu kingine ambacho Doctor Who ilibadilisha ni lile suala la kutohama. Na kisayansi walikuwa na haki. Dunia inalizunguka jua kwa mwendo wa kilomita kama 30 kwa sekunde, jua nalo linakimbia ndani ya galaksi. Ukiruka saa moja tu ya wakati na kubaki "palepale" angani, utajikuta kwenye utupu, Dunia imeshaondoka zaidi ya kilomita 100,000. Hata ukiacha hayo ya angani, ardhi yenyewe inatembea. Bamba la Afrika linasogea sentimita kama mbili kwa mwaka, chini ya urefu ambao kucha zako zinakua. Zidisha kwa miaka milioni 150, unapata kilomita kama 3,000. Hilo ni kadirio la haraka kwa sababu mwendo haukuwa uleule wakati wote, ila umeelewa: ile Rutamba ya dinosaria haikuwa mahali ilipo leo kwenye ramani ya dunia. Ilikuwa kusini zaidi, na Madagaska na India zilikuwa zimeanza tu kuachana na Afrika. Wells alifumba macho. TARDIS inahama kwenye wakati na mahali kwa pamoja, na tangu hapo karibu kila tamthilia imefuata njia hiyo.

Baada ya 1963 mlango ukafunguka. Wamarekani walileta The Time Tunnel mwaka 1966, wanasayansi wawili wakirushwa kutoka tarehe moja hadi nyingine bila kuweza kurudi, mkasa wa kwanza ukiwa ndani ya meli ya Titanic. Hiyo ilidumu vipindi 30 tu. Wells mwenyewe akaanza kugeuzwa mhusika: yumo kwenye mkasa mmoja wa Doctor Who wa 1985, yumo kwenye Lois & Clark ya Superman miaka ya 1990. Mwaka 2008 wale vijana wa The Big Bang Theory walinunua mnadani mashine ya ile filamu ya 1960 wakahangaika kuipandisha ngazi. Ukiona mzaha unaeleweka bila maelezo, basi jua riwaya imeshakuwa mali ya wote.

Hapa wenzangu wa Bara mtaniuliza: sisi tulikuwa wapi? Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara tulisubiri mpaka 1994. Doctor Who ya awali ilikuwa imeshakatishwa mwaka 1989. Yaani tumefika stesheni, treni ilishaondoka miaka mitano nyuma. Ndio maana wengi wetu tuliikuta safari ya wakati kwenye vibanda vya video, kupitia filamu za Hollywood zilizotafsiriwa juu kwa juu na mtu mwenye kipaza sauti, na Wells hatukumsikia kabisa.

Na bado neno letu lilikuwa limeshatangulia. Mwaka 1952 Ray Bradbury alichapisha hadithi fupi, A Sound of Thunder. Kuna kampuni inayouza utalii wa kuwinda dinosaria: unalipa, wanakurudisha mamilioni ya miaka, unapiga risasi mnyama ambaye angekufa dakika ileile hata hivyo, unarudi. Kampuni inaitwa Time Safari. Safari, kwa Kiswahili chetu. Neno hilo lilijaa kwenye Kiingereza kupitia wawindaji wa kizungu waliokuja Afrika Mashariki, na aliyelitangaza kuliko wote ni Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliyekuja kuwinda mwaka 1909. Kwenye hadithi ya Bradbury mwindaji mmoja anaingiwa na hofu, anatoka kwenye njia, anakanyaga kipepeo. Akirudi kwao anakuta hata uchaguzi umeleta mshindi mwingine. Wells hakujishughulisha na jambo hili. Msafiri wake karibu muda wote anakwenda mbele, na hana wasiwasi wa kuharibu chochote nyuma. Ile hofu unayoiona kwenye kila tamthilia ya leo, ya "usiguse kitu hapo!", ina damu ya Bradbury zaidi. The Simpsons waliifanyia mzaha mwaka 1994, Homer akiua mbu zama za dinosaria.

Mwaka 1909. Uweke alama. Roosevelt alipokuwa akifyatua bunduki Kenya, Lindi kulikuwa na safari ya aina nyingine.

Kilima cha Tendaguru kiko kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, upande wa mto Mbwemkuru. Inaelezwa kwamba kwa lugha ya Wamwera jina hilo lina maana ya kilima chenye mteremko mkali. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa imejitokeza juu ya ardhi karibu na njia. Mwaka uliofuata akaja mtaalamu Eberhard Fraas. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ilileta msafara mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwisho Hans Reck. Wakati wa kilele watu wapatao 500 walikuwa wakichimba. Waliochimba walikuwa Waafrika. Mifupa ilifungwa kwa udongo, plasta na mianzi, ikabebwa kichwani na mabegani kwa siku tatu hadi nne mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Jumla zaidi ya tani 200.

Usisome tarehe hizo kama tarehe za sayansi peke yake. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 kwenye milima ya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, na jeshi la Wajerumani lilivizima kwa kuchoma mashamba na maghala. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Rudi nyuma kidogo zaidi: mwaka uleule wa 1895 ambao wasomaji wa London walikuwa wakifungua The Time Machine kwa mara ya kwanza, Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani upande wa Kilwa, alinyongwa mwezi Novemba. Mwembe Kinyonga bado ni jina watu wa Kilwa wanalolijua. Na pembe za ndovu? Zanzibar ilikuwa moja ya masoko makuu ya pembe duniani karne hiyo, nazo zilishuka pwani kupitia bandari kama Kilwa na Lindi. Siwezi kukwambia pembe za mashine ya kubuni zilitoka wapi, hilo ni swali la kipuuzi. Ila ninapoisoma sentensi ile ya Wells kuhusu pembe, siwezi tena kuipita haraka.

Mfupa kwa mfupa, Janensch alimpa jina mnyama mkubwa kuliko wote mwaka 1914: Brachiosaurus brancai. Leo wataalamu wengi wanamwita Giraffatitan. Alisimamishwa Berlin mwaka 1937, enzi za Hitler. Jengo lilipigwa mabomu mwaka 1945, mifupa ikanusurika. Mwaka 2007 alisimamishwa upya, na sasa ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu, mifupa ya dinosaria mirefu kuliko yote iliyosimamishwa duniani. Sisi tunamwita mjusi tu. Mjusi wa Tendaguru.

Turudi kwa Wells, kwa sababu kuna ukurasa mmoja unaotetemesha. Huko mbele kabisa, Msafiri anaingia kwenye magofu ya jumba la kauri ya kijani. Anagundua ni makumbusho iliyoachwa. Paa linavuja, maji yamekula mifupa, na ndani ya vumbi anaona kiwiliwili kikubwa cha mifupa ya Brontosaurus. Fikiria: mwaka 1895 hapakuwa na makumbusho yoyote duniani iliyokuwa imesimamisha dinosaria wa kundi hilo la shingo ndefu. Ya kwanza ilikuja 1905, New York. Wells aliiona makumbusho kabla haijawepo, tena akaiona ikiwa gofu, wageni wake Eloi ambao hawajui kusoma vibao. Na mwishoni mwa riwaya, Msafiri akishapotea moja kwa moja, msimulizi anajiuliza kama labda amekwama kwenye mwamba wa matumbawe wa bahari ya zama za Jurasiki, au kando ya maziwa ya chumvi ya kale zaidi.

Msomaji, pwani ya zama za Jurasiki ndiyo hiyohiyo ya Lindi! Tabaka za Tendaguru zimepangana: udongo wenye mifupa ya wanyama wa nchi kavu, kisha mchanga wenye kombe na viumbe vya baharini, kisha tena nchi kavu. Bahari ilikuwa ikija na kurudi. Mashine yako ingekushusha kwenye ufuko wenye wangwa za maji ya chumvi na misitu ya miti ya jamii ya misonobari kwa nyuma, hali ya hewa ya joto yenye masika na kiangazi. Giraffatitan wangekuwa wanafikia matawi ya juu. Kentrosaurus, mwenye miiba mgongoni hadi mkiani, angekuwa chini akila majani mafupi. Elaphrosaurus, mwembamba mwenye mbio, angekupita kabla hujamaliza kumshangaa. Karibu yote tunayoyajua kuhusu wanyama hawa yalitoka kwenye mashimo ya eneo hilo.

Sasa washa televisheni. Mwaka 1974 Doctor Who ilileta dinosaria London katika mkasa ambao mashabiki bado wanaucheka kwa sababu dinosaria wenyewe walikuwa vikaragosi vya mpira, ingawa wazo lake lilikuwa zito: kundi la watu waliotaka kurudisha wakati nyuma ili wafike zama wanazodhani zilikuwa za dhahabu. Mwaka 1999 BBC ikaja na Walking with Dinosaurs, makala yaliyopigwa kana kwamba mpigapicha amesafiri kwenye wakati. Ikafuata Primeval mwaka 2007, ambamo milango ya wakati inafunguka na wanyama wa kale wanatoka, na Terra Nova ya Marekani mwaka 2011. Katika makala ya 1999, Brachiosaurus anatembea Colorado. Sio uongo, kwani Brachiosaurus wa kwanza alichimbwa Colorado na kupewa jina mwaka 1903. Lakini mifupa ile ya Marekani ilikuwa pungufu mno, haikuwa hata na fuvu. Lile umbo unalolijua, shingo imenyooka juu kama twiga na kichwa chenye nundu juu ya macho, limetoka Tendaguru. Yule wa filamu ya Jurassic Park ya 1993, anayesimama kwa miguu ya nyuma watu wakitokwa na machozi, sura yake ni ya Lindi. Karatasi zake za kusafiria tu ndizo zimeandikwa Marekani.

Kwa hiyo ile hadithi ya Morlock ilirudi, safari hii bila mtu kuiandika. Kuna walioshuka mashimoni na kuna waliopanda jukwaani. Mkuu wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, alikuwa fundi ambaye wataalamu wa Kijerumani walimtegemea kutambua na kuandaa mifupa. Tofauti na watumishi wa Uppark, yeye angalau alipata mahali kwenye orodha ya majina ya kisayansi: mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Ilichukua karibu karne nzima. Hans Reck, kwa taarifa yako, alitoka Tendaguru akaenda Olduvai mwaka 1913. Na kijana Louis Leakey, kabla hajawa Leakey wa Olduvai, alijifunza kuchimba visukuku hapahapa mwaka 1924, na msafara wa Waingereza ulioongozwa na William Cutler. Cutler alikufa kwa malaria mwaka uliofuata, akazikwa Lindi.

Suala la mjusi kurudishwa limefika Bungeni Dodoma zaidi ya mara moja. Hoja za kumwacha huko huwa ni zilezile: gharama, utaalamu wa kumtunza, jengo la kumsimamisha. Zina uzito, mimi sizidharau. Lakini kuna kisa kimoja cha televisheni ambacho ningependa kila anayezitoa akisikie.

BBC walikuwa na tabia, miaka ya 1960 na 1970, ya kufuta kanda zao ili watumie tena au wapunguze nafasi. Hivyo vipindi vingi vya Doctor Who vilipotea. Zaidi ya 90 havijapatikana hadi leo. Nakala nyingine zilikuwa zimeuzwa kwa vituo vya televisheni vya nchi nyingi, za Afrika zikiwemo. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba vipindi tisa vya miaka ya 1967 na 1968 vimepatikana kwenye stoo ya kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Vilikaa kwenye makopo ya vumbi zaidi ya miaka 40, bila kiyoyozi cha Berlin. Vilirudi Uingereza, vikasafishwa, vikauzwa, watu wakafurahi. Sikusikia mtu akiuliza kama Waingereza wana uwezo wa kuvitunza, ingawa ndio waliovifuta.

Kwa upande wetu kuandika kumeanza, polepole. Katama Mkangi wa pwani ya Kenya alitoa Walenisi mwaka 1995, riwaya ya Kiswahili ambayo mhusika wake anarushwa kwa chombo hadi kwenye ulimwengu mwingine wenye haki; ligawe jina hilo vipande utaona limekusudiwa. Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu ya dakika 20 na ushee kuhusu Afrika Mashariki ya baadaye isiyo na maji, ambayo shujaa wake, Asha, anafanya kazi kwenye makumbusho. Wells angeitambua makumbusho hiyo mara moja. Na ukikutana na mtu anayedai, kama John Mbiti alivyoandika mwaka 1969, kwamba fikra za Kiafrika zina Sasa na Zamani lakini hazina wakati ujao wa mbali, muulize Kiswahili kilipata wapi kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo. Lugha ambayo ina jina la siku ya nne kuanzia leo haina shida na kwenda mbele.

Fizikia nayo inaruhusu kwenda mbele, kwa kiwango. Mrusi Sergei Krikalev, aliyekaa angani zaidi ya siku 800, yuko mbele yetu kwa kama sehemu ya hamsini ya sekunde, kwa sababu saa inayokwenda kasi hupunguza mwendo. Kurudi nyuma ndiko ambako hakuna aliyepata njia, ukiacha kuchimba.

Mimi nikipewa studio, nisingemrudisha mtazamaji miaka milioni 150. Ningeisimamisha mashine njiani, mwaka 1910, kiangazi, kwenye njia ya kutoka Tendaguru kwenda Lindi, nimwache atazame msururu wa wapagazi unavyopita, mzigo mmoja wa mianzi baada ya mwingine, Boheti bin Amrani akihesabu. Wachimbaji wanataniana, kuna anayelalamika mzigo wake ni mzito kuliko wa mwenzake, na hakuna kati yao anayejua kwamba amebeba kipande cha nyota wa televisheni. Hata bajeti si kubwa. Dinosaria mmoja wa kompyuta anagharimu zaidi.